Jinsi ya kumfundisha mtu mzima kutumia kihisi cha sukari

Mwongozo huu ni kwa muuguzi au tabibu anayewahudumia watu wazima wanaochoma insulini huku Nyanda za Juu Kusini. Vihisi, yaani vifaa vidogo vinavyobandikwa kwenye ngozi na kusoma sukari muda wote, vina bei kali. Mara nyingi anayekuja nacho kliniki ametumiwa na mwanawe kutoka mbali, na hajui kama atapata cha pili. Kwa hiyo mfundishe kana kwamba hicho ndicho cha mwisho. Mifano yangu ni ya FreeStyle Libre, inayokaa mkononi wiki mbili hivi.

Hatua ya 1: Anza na kidole

Kihisi kikibanduka, glukometa, ile mashine ya kupima tone la damu ya kidole, ndiyo itakayobaki. Mwambie apime mbele yako, na usimshikie chochote. Mtu aliyetoka kumenya embe bila kunawa atasoma sukari ya embe. Kichupa cha stripu, vile vipande vya kuwekea damu, kifungwe mara tu anapotoa moja. Na huku kwetu kuna baridi: glukometa nyingi hazifanyi kazi chini ya nyuzi joto 10 hivi, ndiyo maana asubuhi ya Julai kule Makete mashine inagoma na mtu anadhani imekufa. Aiweke ndani ya koti kwa muda, asiisogeze kwenye jiko la mkaa.

Hatua ya 2: Hakikisha mnasoma kipimo kimoja

Tunatumia mmol/L. Kifaa kilichonunuliwa Marekani huonyesha mg/dL, na mama aliyezoea kusoma 7 akiona 126 anaweza kukosa usingizi bure. Agawe kwa 18: 126 ni 7 ileile.

Hatua ya 3: Kubandika

Nyuma ya mkono wa juu, ngozi safi na kavu, upande asioulalia. Akiulalia mkono wenye kihisi, usiku kitasoma chini kuliko ukweli. Sweta livuliwe taratibu, maana linang'oa vihisi vingi. Baada ya kukiwasha asubiri saa moja.

Hatua ya 4: Mshale kabla ya namba

Hapa usiwe na haraka. Watu wazima wamezoea namba, nasi tuliwazoesha hivyo. Ukiambiwa daladala iko Kabwe hujajua kama inakwenda Uyole au Mbalizi. Namba peke yake ni hivyohivyo; mshale ulio kando yake kwenye skrini ndio unaosema sukari inaelekea wapi.

Chora 5.5 mara tatu kwenye karatasi: moja na mshale wa kulala, moja wa kupanda, moja unaotazama chini kabisa. Muulize: "Baba, unataka kwenda shambani sasa hivi. Utafanya nini kwa kila moja?" Kwa Libre, mshale wa kuelekea chini moja kwa moja maana yake sukari inashuka kwa zaidi ya 0.1 kila dakika. Ikiendelea hivyo nusu saa, 5.5 imekuwa 2.5, naye yuko na jembe mkononi, mbali na nyumbani. Ale kwanza.

Mshale wa kupanda una hatari yake. Mtu anakula wali, anaona unapanda, anachoma tena. Insulini ya muda mfupi tunayotoa kliniki hufanya kazi kwa saa sita hadi nane, hivyo dozi ya pili inaikuta ya kwanza bado kazini. Anayetumia insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni ndiyo kabisa asiongeze kwa kuangalia mshale. Aandike daftarini, mtazungumza.

Hatua ya 5: Sukari ikishuka chini ya 4

Vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, asubiri dakika 15, kisha apime tena kwa kidole. Nasisitiza kidole, kwa kuwa kihisi husoma majimaji yaliyo kati ya seli, nayo huchelewa nyuma ya damu kwa dakika kadhaa. Akitegemea kihisi ataona bado iko chini, atakunywa sukari tena na tena, na baada ya saa moja atakuwa 16. Vilevile, akitetemeka na kutoka jasho huku kihisi kinasema 6, apime kidole. Msimu wa ulanzi mkumbushe kuwa pombe hushusha sukari saa nyingi baadaye, hata usingizini. Ndugu zake wajue: aliyezimia hapewi kitu mdomoni, anakimbizwa hospitali.

Hatua ya 6: Simu

Mwenye kitochi atahitaji kisomaji, kifaa cha kusomea kihisi hicho. Mwenye simu janja anahitaji bando wakati wa kufungua akaunti na kutuma taarifa. Kusoma sukari tu hakuli bando. Aina zinazosomwa kwa kugusisha huhifadhi saa 8 tu, basi agusishe kabla ya kulala na anapoamka. Mfundishe pia mkewe au kijana wa nyumbani.

Hatua ya 7: Tumieni wiki mbili hizo

Kila siku ajaribu chakula kimoja anachokula kweli: ugali, ndizi, viazi mviringo, wali wa Kyela. Aandike kiasi, saa, na sukari ilipofika. Ataona mwenyewe ni saa zipi sukari yake husumbua, na hizo ndizo saa za kutumia stripu chache atakazobaki nazo. Usimlaumu kwa anachokuonyesha. Ukimlaumu, daftari lijalo litakuja na namba nzuri za kubuni.

Mpangie kurudi siku mbili kabla kihisi hakijaisha, akiwa na daftari, glukometa na simu yenye chaji.