Sayansi kwa watoto wa shule ya kanisa: anzia kwa bamvua, hamira na jongoo

Mwalimu mwenzangu, kama umepewa sayansi gredi ya 4 mpaka ya 6 kwa shule ya kanisa hapa Mombasa na labu hamna, ile kabati ya vifaa ukiifungua ni mende na chaki za zamani, soma hapa.

Mwaka wangu wa kwanza kuna kijana anatoka Likoni aliniuliza, ticha, mbona siku ingine gari zikitoka kwa feri zinakwaruza chini na siku ingine zinapita sawa tu? Mimi nilikuwa mbio namaliza silabasi, nikamjibu "Mungu ndo ameiumba bahari hivo", darasa zima wakaitikia amina, na ndo mjadala ukafa hapo hapo. Sasa nilichosema si uongo, lakini yule mtoto hakuuliza nani, aliuliza kwa nini inabadilika. Tangu siku hiyo kwangu "Mungu ameumba" ni neno la kufungulia kipindi, sio la kukifungia, ukishalisema lazima ufuate na "haya, twendeni tuone ameumbaje".

Kwa hivo anza na hilo swali la feri, manake jibu lake liko kwa maji kujaa na kupwa, na hayo kila mtoto wa huku ashayaona. Chukua karatasi kubwa, gawa siku 30, juu watoto wachore mwezi walivyouona usiku, chini waandike kimo cha maji ya juu kabisa na ya chini kabisa kutoka kwa jedwali la maji kujaa na kupwa, liko kwenye simu bure. Usiwaambie waangalie bahari saa moja asubuhi kila siku ndo waandike, nilifanya hivo nikachanganyikiwa mimi mwenyewe, kwa sababu maji yanachelewa kama dakika 50 kila siku, leo utayakuta yamejaa baada ya siku kadhaa saa ile ile yamepwa. Mwezi ukiisha wataona wenyewe kwamba tofauti inakuwa kubwa mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, hiyo ndo bamvua, hapa kwetu inafika mita 3 na zaidi, na mwezi ukiwa nusu tofauti inapungua, hayo maji mafu. Baadaye ndo unaeleza kuhusu mvuto wa mwezi na jua, yanavuta bahari kwa mstari mmoja ama kila moja kwa pembe yake. Ukieleza kabla hawajajaza chati umeharibu utamu wote.

Na uzuri wa Mombasa, siku za bamvua maji yanapwa kabisa mida ya saa nne saa tano asubuhi, yaani katikati ya masomo, so ukipanga vizuri unawapeleka ufukoni wakaone kaa, kombe na majani ya bahari bila kuibia muda wa mtu. Shule zetu pia zina watoto Waislamu, na hao kwa mambo ya mwezi mwandamo wanawashinda wenzao mbali, waache wafundishe wengine. Alafu watoto wa kanisa waulize kwani Pasaka inahamahama kwa nini kila mwaka, Krismasi inakaa pale pale? Pasaka inafuata mwezi mpevu, ndo maana. Hapo CRE, yaani somo la dini ya Kikristo, na sayansi zimekaa benchi moja bila kusukumana.

Jambo la pili, daftari. Kila mtoto apige mstari katikati ya ukurasa, upande mmoja NIMEONA, upande wa pili NADHANI. Hii nawasisitizia mpaka wananichoka. Nawapa kisa cha Rebmann, yule mmishonari aliyekuwa Rabai hapo juu tu. Mwaka wa 1848 alisafiri bara akaona kilele cha Kilimanjaro kina kitu cheupe, akamuuliza kiongozi wake ni nini, yule akasema tu ni baridi. Rebmann akaandika kwamba ni theluji. Wasomi wa London wakambishia, ati theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta, na wao Kilimanjaro hawajawahi kuukaribia, mpaka miaka ya 1860 wasafiri wengine wakaupanda sehemu na kuthibitisha. Uliza darasa: nani ana NIMEONA, nani ana NADHANI? Wanaipenda sana hiyo. Na kuna mtoto siku moja aliniambia, ticha, Wachaga wa pale mlimani si walikuwa wanajua kitambo? Nikamwambia andika.

Sasa hamira. Hapa ndo usiwe na haraka, tumia vipindi viwili. Chupa nne za soda za nusu lita. Ya kwanza maji ya uvuguvugu, kijiko kidogo cha hamira na viwili vya sukari. Ya pili vile vile lakini bila sukari. Ya tatu hamira na sukari kwa maji yaliyochemka, hayo unamimina mwenyewe, mtoto asishike birika, na uyaache yapoe kidogo chupa isinyauke. Ya nne maji na sukari tu bila hamira. Kila moja vika baluni mdomoni, na kabla hamjakaa waandike kwa NADHANI ipi itajaa. Kwa joto letu hili nusu saa haiishi baluni ya kwanza imesimama. Ya pili inasuasua, ya tatu imelala, ya nne vile vile. Waache wabishane. Watafika wenyewe kwamba hamira ni kitu hai, inakula sukari, inatoa hewa, na maji ya moto yameiua. Hewa yenyewe ni kabonidioksaidi, ndo inaumua mahamri ya mama. Wale wa CRE watakukumbusha chachu na pishi tatu za unga, waache wasome hapo hapo, mfano wa Yesu unawakolea zaidi wakiwa wameona baluni imevimba mbele ya macho yao. Pia hapo ndo nawaonyesha swali lina milango miwili: mahamri yameumuka kwa sababu ya hamira, na yameumuka kwa sababu nyanya anataka wajukuu wale washibe. Hakuna jibu linalofuta lingine.

Jongoo pia usimwache, hata kama wasichana na walimu fulani wanapiga mayowe. Pale Bamburi machimbo ya kiwanda cha simiti yalibaki jangwa la mawe ya matumbawe, na mwaka wa 1971 Rene Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, akaanza kupanda miti. Mivinje ikashika, lakini majani yake yakawa yanarundikana bila kuoza. Akaona jongoo wanayala, akawaleta kwa wingi, kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo, leo hapo ni msitu wenye twiga na viboko, Haller Park. Darasani weka jongoo watatu kwa ndoo yenye majani ya mvinje, nyunyiza maji kidogo, kila Ijumaa waangalie. Andiko la Mithali linalomtuma mvivu kwa chungu linafaa sana hapa, mimi nawaambia Sulemani angekuwa Bamburi angemtuma kwa jongoo. Wakishamshika waoshe mikono, anatoa majimaji yanawasha macho, na mwisho wa muhula wamrudishe walikomtoa.

Maswali magumu yatakuja, dinosau, siku sita, mtu wa kale. Ushauri wangu, kaa na hedimasta na mchungaji wa shule mapema mkubaliane, usingoje mzazi aje na hasira. Mimi mtoto akiuliza mifupa ya kale nasema ipo, tena yule mtu wa kale anayeitwa mvulana wa Turkana mifupa yake iligunduliwa 1984 na Mkenya mwenzetu Kamoya Kimeu, na umri wake umepimwa, ni kama miaka milioni moja na nusu. Namna ya kusoma siku za Mwanzo, Wakristo wenyewe hawasomi sawa, hilo naliacha kwa CRE na nyumbani. Kitu sifanyi ni kumwambia mtoto ati mifupa imezikwa na shetani. Nimeisikia hiyo ikisemwa na mtu mzima mbele ya darasa, na yule mtoto aliyeuliza hakuinua mkono tena muhula mzima.

Vitu vyote hivi utapata soko la Kongowea ama duka la mtaani, baluni nunua za ziada manake nusu zitapasuka kabla ya kazi. Na ndoo ya jongoo funika vizuri kwa neti, yetu iliachwa wazi wikendi moja, Jumatatu asubuhi sekretari akawa wa kwanza kufungua ofisi.