SOMO: Kiwanja kilichokuwa sheli au gereji hapa Dodoma, kikague hivi kabla hujalipa

Wakuu, kila mara nakuta meseji ileile: "Nimepata kiwanja barabarani, zamani palikuwa na sheli, bei chee, nichukue?" Nimechoka kumjibu mtu mmoja mmoja. Naliweka hapa, atakayeniuliza tena nitamtumia linki. Tangu 2016 ilipotangazwa serikali inahamia huku, vipande vya kando ya barabara kuu vinagombaniwa, na dalali hawezi kukwambia chini kuna nini. Huu ni ukaguzi wako wa awali tu, mtaalamu utamhitaji mbele ya safari.

Hatua ya 1: Historia. Anza kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha majirani wa siku nyingi. Usiulize "pana uchafuzi?" maana utajibiwa hapana. Uliza matangi yalifukiwa upande gani, oili chafu ilikuwa inamwagwa wapi, betri zilikuwa zinafunguliwa wapi. CDA, mamlaka iliyokuwa inasimamia viwanja vya Dodoma, ilivunjwa 2017 na kazi zake zikaenda Jiji, kwa hiyo mafaili ya zamani ulizia ofisi ya ardhi ya Jiji. EWURA, wadhibiti wa biashara ya mafuta, makao yao ni hapahapa Dodoma, lakini walianza kazi 2006. Sheli iliyokufa kabla ya hapo usitegemee kuikuta kwao. Mwaka huo ushike kwa sababu nyingine pia: petroli yenye risasi (ile metali ya sumu, lead) iliondolewa nchi za kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006. Sheli ya kabla ya hapo, risasi lazima ipimwe.

Hatua ya 2: Fungua Google Earth kwenye kompyuta, rudisha picha za miaka ya nyuma.

Hatua ya 3: Tembea kiwanjani. Tafuta bomba la chuma lililosimama wima bila kazi, hilo ni la kupumulia tangi, na likiwepo huenda tangi nalo bado liko chini. Tafuta mifuniko ya duara, zege lililokatwa na kuzibwa, udongo mweusi wenye kung'aa, na alama za lile shimo la mafundi la kukagulia gari kwa chini. Usiingie kwenye tangi wala shimo la zamani. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatuama chini, unamlegeza mtu kabla hajaita msaada. Kiberiti na sigara viache kwenye gari.

Hatua ya 4: Visima vya jirani, hasa upande wa mteremkoni. Petroli na dizeli ni nyepesi kuliko maji, zikifika kwenye maji ya ardhini zinaelea na kufuata yanakoelekea. Chota ndoo, iache itulie. Ukiona utando wa rangi rangi, uchokonoe na kijiti. Ukivunjika vipande vipande na kubaki hivyo, mara nyingi ni bakteria wa chuma. Ukizungukazunguka na kuungana tena, hayo ni mafuta. Usiyaonje.

Hatua ya 5: Sampuli za udongo. Hapa niliwahi kuchemka, someni taratibu. Gereji ikitaka kuuzwa humwagiwa moramu kwanza, pashindiliwe pavutie. Nilichimba futi moja, nikapeleka maabara, majibu yakaja masafi kabisa. Nilikuwa nimepima moramu ya machimboni! Chimba mpaka uone rangi inabadilika, ufikie udongo wa mwanzo, uchukue hapo na chini yake tena. Vituo vyako viwe penye pampu, palipojaziwa tangi, njia ya mabomba, chini ya shimo la mafundi na palipomwagwa oili. Ongeza sampuli moja ya kona ambayo haikuguswa, ya kulinganishia.

Chupa iwe ya kioo, uipate maabara kwenyewe. Za maji ya kunywa hapana. Jaza hadi juu kabisa usiache hewa, funga, tia kwenye boksi la barafu palepale. Benzeni, kemikali ya sumu iliyomo kwenye petroli, huruka haraka. Chupa ikishinda juani kwenye dashibodi, unachopeleka maabara ni udongo tu. Na usikubali fundi achanganye udongo wa mashimo yote kwenye beseni "tupate wastani". Kule kukoroga kunaitoa benzeni, halafu shimo moja chafu linafichwa na manne masafi. Shimo likizidi kiuno usiingie, udongo wa kichanga unaporomoka bila kuaga.

Hatua ya 6: Maabara. Uliza kwanza wanapima nini, Mkemia Mkuu wa Serikali pakiwemo. Unachotaka ni jumla ya haidrokaboni za petroli, kisha benzeni, toluini, ethilibenzeni na zailini. Kwa gereji na sheli ya kabla ya 2006 ongeza risasi. Kwa maji ya kunywa, mwongozo wa WHO kwa benzeni ni miligramu 0.01 kwa lita, na risasi vilevile.

Hatua ya 7: Pakionekana pachafu, simamisha malipo, wasiliana na NEMC (baraza la taifa la mazingira) na mtaalamu wa mazingira aliyesajiliwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inaitambua kanuni ya mchafuzi kulipa, ila ukishanunua, kumsaka huyo mchafuzi ni shughuli yako. Gharama za kusafisha ziandikwe kwenye mkataba kabla ya sahihi.

Maswali karibuni.

MASWALI

Kijana wa Nkuhungu: Mkuu mimi nimeenda, sijasikia harufu yoyote. Nichukue?

Mwandishi: Umesoma hatua ya 5?

Kijana wa Nkuhungu: Nimepitia juujuu. Ila pua yangu huwa haikosei.

Mwandishi: Risasi haina harufu. Rudi kasome.

Mama Zabibu: Shikamoo kaka. Nina bustani ya mchicha na karoti, jirani alikuwa fundi betri miaka mingi. Mboga zetu ziko salama?

Mwandishi: Marahaba dada, umeuliza la maana. Betri za gari zina risasi, nayo haiozi wala kuruka, inakaa kwenye udongo wa juu miaka na miaka. Hatari kubwa ni vumbi na udongo wenyewe kuingia mdomoni, hasa kwa watoto. Karoti na viazi vinagusana na udongo moja kwa moja, hivyo viache kwanza. Mchicha uoshe sana kwa maji mengi. Pima udongo wa karibu na ukuta wa jirani. Wakati unasubiri majibu, jenga matuta ya matofali ujaze udongo wa kutoka mbali, watoto wanawe mikono kabla ya kula. Na kuku wasichakure upande ule, risasi inaingia hadi kwenye mayai.

Mama Zabibu: Asante sana. Kuku nilikuwa sijawafikiria kabisa.

Dalali Makini: Unatuharibia biashara bure. Sheli nyingi hazivuji.

Mwandishi: Basi ukaguzi utamsaidia muuzaji wako. Mwambie agharamie yeye.

Fundi Bomba: Nyongeza wakuu. Bomba la plastiki la maji likipita kwenye udongo wenye petroli, petroli inapenya ukuta wa bomba bila hata kutoboka. Maji ya DUWASA yanaweza kuwa mazuri mtaani, nyumbani yakanuka.

Mwandishi: Kweli kabisa, mkuu. Na yananuka zaidi asubuhi baada ya kulala kwenye bomba. Kiwanja cha namna hiyo zungusha laini ipite penye udongo safi.

Mkulima wa Mbuga: Kwangu ni udongo mweusi wa mfinyanzi, si mchanga. Mafuta yanazuiwa, au siyo?

Mwandishi: Masika, ukilowa na kuvimba, unazuia kiasi. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono, na oili inashuka moja kwa moja. Sampuli chukua ndani ya ufa pia.

Kijana wa Nkuhungu: Sawa nimesoma yote. Sasa mkuu, oili chafu tunayopaka nguzo za uzio kuzuia mchwa nayo ni kosa?

Mwandishi: Hapo umeuliza vizuri. Oili chafu ina metali kutoka kwenye injini, na mvua inaiosha ikashuka ardhini. Karibu na kisima au bustani usiipake. Ukiweza weka nguzo za zege, mchwa hawana habari nazo.