Viza ya masomo ya Taiwan kwa sisi wa Kisumu na Magharibi: ubalozi hakuna, ofisi iko

Barua za kukubaliwa vyuoni zikianza kufika, hakosi mzazi wa Kondele au Kakamega anayeuliza ubalozi wa Taiwan uko barabara gani Nairobi. Hauko. Broka anayekuomba pesa za "kufuatilia ubalozini Nairobi" mpe kikombe cha chai tu, umsindikize mpaka kwenye lango, basi.

Kenya ilianza uhusiano na Beijing, yaani serikali ya China bara, Desemba 1963, siku chache baada ya uhuru, na mwaka 1971 Umoja wa Mataifa, kwa azimio nambari 2758, ukaipa Beijing kiti cha China. Ukishaitambua Beijing, huwezi kuwa na ubalozi wa Taipei, yaani serikali ya Taiwan, kwa kuwa Beijing huihesabu Taiwan kuwa yake. Afrika nzima ni Eswatini tu yenye ubalozi wao kamili, pale Mbabane. Kwingineko Taipei hufungua ofisi zenye majina ya upole: ya biashara, ya utamaduni, ya uhusiano. Kibao cha mlangoni hakisemi ubalozi, lakini ndani kuna dirisha la viza na mhuri wa kuthibitisha hati. Wamarekani nao hufanya vivyo hivyo. Kazi zao za kibalozi kule Taipei hufanywa na American Institute in Taiwan, iliyoanzishwa 1979, na kisheria hilo ni shirika la kibinafsi lisilo la faida.

Ofisi inayotuhudumia sisi ni ile ya Afrika Kusini. Nchi hiyo ilihamia upande wa Beijing mwanzoni mwa 1998, na uliokuwa ubalozi wa Taipei mjini Pretoria ukabaki kama Ofisi ya Uhusiano.

Hatua ya kwanza: hakikisha anwani na jina

Hapa usiwe na haraka. Oktoba 2024 serikali ya Afrika Kusini iliitaka ofisi hiyo iondoke Pretoria, mji wa serikali, ihamie Johannesburg, mji wa biashara. Taipei ikakataa. Mwaka 2025 Afrika Kusini ikaanza kuiita ofisi ya kibiashara katika orodha zake yenyewe. Ubalozi wa kawaida hausukumwi hivyo, kwa kuwa una Mkataba wa Vienna, ule unaolinda balozi, nyuma yake. Ofisi ya aina hii inategemea hisani ya mwenyeji, na hisani hubadilika. Kwa hiyo ile anwani uliyotumiwa kwenye WhatsApp na binamu aliyesafiri zamani usiitumie. Ingia boca.gov.tw, tovuti ya idara ya kikonseli (ya viza na pasipoti) ya Taipei, utafute ofisi ya Afrika Kusini, uchukue barua pepe iliyopo sasa.

Waandikie kwa ufupi. Sema wewe ni Mkenya, taja chuo na aina ya viza, kisha uulize: mnapokea maombi kwa kampuni ya vifurushi au lazima nije mwenyewe? Ada ni kiasi gani, na inalipwaje? Hati za Kenya mnataka zipitie wapi kabla ya kuwafikia? Usitume hata senti kabla ya kujibiwa. Jibu lao litunze, kwa sababu mhudumu mwingine anaweza kukuambia tofauti.

Hatua ya pili: pasipoti

Isiwe na miezi sita tu iliyobaki, hata kama hicho ndicho kiwango kinachotajwa kila mahali. Iwe na miaka inayotosha kozi nzima. Sababu yake nimeieleza chini. Maombi ni kwa eCitizen, alama za vidole ni kwenye kituo kama Kisumu au Nakuru, na ile ya kurasa 34 ni shilingi 7,500 tangu bei zilipopanda 2024.

Hatua ya tatu: hati za shule

Hii ndiyo hatua inayokula muda. Watataka cheti chako cha juu kabisa pamoja na orodha ya alama, na viwe vimethibitishwa. Njia ya kawaida ya hati za Kenya ni hii: wakili ambaye ni notari anathibitisha nakala, Msajili wa Mahakama Kuu anathibitisha sahihi ya huyo notari, Wizara ya Mambo ya Nje Nairobi inathibitisha ya Msajili, na mwishowe ofisi ya Taipei inathibitisha ya Wizara. Kila mmoja anaapia sahihi ya aliyemtangulia. Hakuna anayekuulizia ulisoma vipi. Ukiruka mmoja, wa mbele yake anakurudisha.

Usipande basi la usiku kwenda Nairobi kabla jina lako halijawa sawa kwenye karatasi zote. Wengi wetu tuna Otieno kwenye cheti cha KCSE na Odhiambo kwenye kitambulisho, au jina la ubatizo lililoongezwa baadaye. Tengeneza hati ya kiapo mapema, nayo ipitie mlolongo uleule.

Hatua ya nne: afya na pesa

Viza ya ukaazi ya mwanafunzi ina fomu yake ya afya. Ndani yake kuna picha ya kifua kwa ajili ya TB, kipimo cha kaswende, na uthibitisho wa kinga ya surua na rubela. Ipakue kwenye tovuti ileile, umpelekee daktari. Usimwache daktari aandike kwenye karatasi yake. Fanya vipimo karibu na kuomba, kwa sababu matokeo ya zamani hayakubaliwi. Taarifa ya benki au barua ya ufadhili iwe halisi, maana watu hawa hupiga simu.

Hatua ya tano: fomu

Inajazwa mtandaoni, inachapishwa, unatia sahihi. Ukituma pasipoti kwa vifurushi, baki na nakala ya kila ukurasa ulioandikwa.

Mpaka wa ofisi hii

Ofisi inafanya kazi ya kikonseli, lakini haina uzito wa ubalozi. Aprili 2016 Kenya iliwapeleka China Wataiwani 45 waliohusishwa na utapeli wa simu Nairobi, wengine wakiwa wameshaachiliwa na mahakama yetu. Taipei ilipiga kelele sana, ila haikuwa na balozi wa kugonga mlango wa Wizara. Sasa geuza upande. Kenya nayo haina ofisi yoyote Taipei, kwa hiyo pasipoti ikiisha huko hakuna pa kuifanyia upya, na ndiyo maana nimesisitiza pasipoti ya miaka mingi.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mama mmoja, Kakamega:* Mwalimu, kijana wangu yuko Wuhan na ana viza ya China. Likizo anaweza kupita Taipei nayo?

Hapana, mama. Uhamiaji ni mbili tofauti, na viza ya upande mmoja haifungui upande wa pili. Pia aangalie kama kibali chake cha China kinamruhusu kutoka na kurudi, asije akafungiwa nje ya chuo.

*Nakuru:* Na nikipoteza pasipoti nikiwa huko?

Ripoti polisi siku hiyohiyo, kisha wasiliana na ubalozi wetu katika nchi jirani, kama Tokyo au Bangkok. Itachukua muda. Ofisi ya Pretoria haiwezi kukusaidia, maana yenyewe ni ya Taipei, haifanyi kazi ya Kenya.

*Bungoma:* Wakisema nije mwenyewe, si nitahitaji tena viza ya Afrika Kusini?

Huhitaji, ndugu. Tangu Januari 2023 Mkenya anaingia bila viza, hadi siku 90 kwa mwaka. Gharama yako ni tiketi na malazi. Omba tarehe ya miadi kwanza, ndipo ununue tiketi.

*Fundi, Nyalenda:* Mimi si mwanafunzi. Nimepata kazi Hargeisa. Mambo ni hayohayo?

Yanakaribiana, ila kwako ni rahisi zaidi, kaka. Hargeisa iko Somaliland, iliyojitangaza nchi mbali na Somalia, nayo ina ofisi yake ya uwakilishi Nairobi, ingawa Kenya inatambua serikali moja tu ya Somalia, ile ya Mogadishu. Usiombe viza ya Mogadishu ukidhani itakuingiza Hargeisa. Mwambie mwajiri akuandikie barua yenye jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, uende nayo kwenye ofisi hiyo.