Somo: Jinsi ya kupanga msimamo wa mwisho wa mbio za baiskeli za mezani (hatua 21) bila kutoana macho

Wakuu, heshima kwenu. Somo hili nililiahidi tangu wiki ile ya ugomvi. Tulimaliza mbio zetu za wiki tatu pale barazani Chikongola, nikasimama na daftari langu, nikatangaza bingwa, soda zikanunuliwa. Saa tano usiku, nikirudia hesabu kitandani kwa tochi ya simu, nikaona bingwa siye. Kesho yake ilibidi nirudi barazani kumtangaza mwingine, na hadi leo wapo wanaoniitikia salamu kwa pua.

Kwa wageni: hizi ni mbio za dadu na daftari. Wapanda baiskeli 24, timu sita za watu wanne wanne, hatua 21 na siku mbili za mapumziko, kama wanavyofanya Wafaransa kwenye Tour de France, mbio zao kubwa za baiskeli. Njia ni za kwetu: Mtwara, Mikindani, Mnazi Mmoja, Lindi, Kilwa, kisha Nachingwea, Masasi, kupanda Newala, Tandahimba, Nanyamba, kurudi mjini. Wapandaji tumewapa majina ya vijiji ili mtu akianguka asionekane ametukanwa. Kwa hiyo nikisema "Mahuta alipata pancha" msinipigie simu kutoka Tandahimba.

Dadu zinafanya hivi. Hatua ya tambarare kila mmoja anatupa mbili: jumla kubwa inashinda, wengine wote wanaingia na kundi, isipokuwa aliyetupa moja na moja; huyo kaanguka, kapoteza sekunde 40. Hatua ya mlima ni dadu tatu, na kila pointi uliyopungukiwa na mshindi ni sekunde 10. Mbio za saa, ambapo kila mtu anakimbia peke yake akishindana na saa, ni dadu tatu pia, lakini kila pointi ni sekunde 4.

KAZI YA KWANZA: andika muda, nafasi baadaye

Hapa ndipo wapenzi wa mpira wanapopotea, na kusini hapa sote ni wapenzi wa mpira. Kwenye ligi, Namungo akishinda moja bila au nne bila, pointi ni tatu zilezile. Kwenye msimamo wa jumla wa baiskeli hakuna pointi. Kuna saa inayohesabu kuanzia hatua ya kwanza mpaka ya 21, na aliyetumia muda mdogo kuliko wote ndiye bingwa. Basi.

Kwa hiyo kila jioni mpandaji anapata mstari wake: saa, dakika, sekunde. Aliyeingia na kundi anapewa muda wa mtu wa mbele wa kundi hilo, hata kama yeye ni wa kumi na nane na alikuwa anaongea na jirani yake. Mtu akimpita mwenzake kwa upana wa tairi, saa haioni kitu. Sisi tunaandika "m.s.", muda sawa, na kwenye hatua za tambarare ukurasa mzima unakuwa m.s. m.s. m.s. mpaka unasinzia. Usisinzie. Mstari mmoja wa sekunde 40 katikati ya hizo m.s. ndio huwa unaamua mambo wiki ya tatu.

KAZI YA PILI: bonasi HUTOLEWA

Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu imeniaibisha. Kwenye mbio kubwa za sasa, wa kwanza, wa pili na wa tatu kwenye hatua za kawaida wanapata zawadi ya sekunde 10, 6 na 4. Zawadi ya muda maana yake unapunguziwa muda. Mbio za saa hazina bonasi.

Hatua ya 14 ilikuwa Masasi kwenda Newala. Anayeijua ile barabara anajua: unatoka chini huko, halafu ukingo wa uwanda wa Makonde unakusubiri kama ukuta. Kitangari akawa wa pili, bonasi sekunde 6. Mimi, mkono ukiwa na mafuta ya mihogo ya kukaanga, nikaandika 6 kwenye safu ya adhabu. Badala ya kumtolea sita nikamwongezea sita. Kosa la sita likawa la kumi na mbili, nalo likatembea kimya hatua saba nzima.

Dawa: tenga safu mbili, moja ya bonasi, moja ya adhabu, ya bonasi ipige mstari wa kalamu nyekundu. Na kila jioni mwachie mtu wa timu nyingine asome kwa sauti. Mtu wa timu yako atasoma anachotaka.

KAZI YA TATU: kujumlisha

Ukitumia Excel kuna mitego miwili. Wa kwanza ni nukta. Saa nne na dakika 30 ukiiandika 4.30, kompyuta inaona nne na sehemu thelathini za mia, ambayo ukiihesabu kama saa ni saa nne na dakika 18. Tumia nukta mbili, andika 4:30:00.

Wa pili ulimpata kijana wetu wa stationery aliyejitolea kutuchapia. Seli za muda kwa kawaida hufanya kazi kama saa ya ukutani, zikifika 24 zinaanza upya. Akabandika karatasi inayosema kinara ametumia 9:14:22. Mzee mmoja akauliza, "Wiki tatu zote tumepanda saa tisa tu?" Hesabu ndani ilikuwa sahihi, ni saa 81, ila siku tatu nzima, saa 72, zilikuwa zimefichwa. Nenda kwenye muundo wa seli, chagua kujiandikia mwenyewe, weka [h]:mm:ss. Hayo mabano ya mraba ndiyo yanayoiambia isianze upya.

KAZI YA NNE: siku ya mwisho

Baada ya hatua 20, kwa hesabu iliyosahihishwa, juu ilikuwa hivi:

Msimbati 81:14:22
Kitangari +0:19
Mahuta +0:47

Hatua ya 21 ilikuwa mbio za saa, kilomita 24, kutoka Mikindani na mizunguko ya mjini hadi uwanja wa Nangwanda. Sekunde 19 na 47 zinaonekana nyingi mpaka umwone mtu anayeongoza akitupa dadu tatu zikalala mbili, mbili, moja. Msimbati alipata tano. Baraza zima likanyamaza. Mwenye Msimbati hakuziokota zile dadu, alizitazama tu, kama mtu aliyeona nyoka kwenye kiatu chake. Mahuta alitupa 16, akashinda hatua kwa 29:40. Kitangari 12, pungufu nne, sekunde 16, kwa hiyo 29:56. Msimbati pungufu 11, sekunde 44, yaani 30:24.

Jumlisheni wenyewe:

1. Kitangari 81:44:37
2. Msimbati +0:09
3. Mahuta +0:12

Wa kwanza anaandikiwa muda wake wote, wanaofuata wanaandikiwa tofauti tu. Walioacha njiani hawaingii kwenye orodha hii kabisa, hata kama walishinda hatua tano kabla ya kuacha.

Anayedhani dadu zetu zimetia chumvi, asome habari za mwaka 1989. Laurent Fignon aliingia siku ya mwisho ya Tour akiongoza kwa sekunde 50. Zilibaki kilomita 24.5 tu, mbio za saa kutoka Versailles hadi Paris. Greg LeMond wa Marekani akamzidi kwa sekunde 58 siku hiyo, akachukua ubingwa kwa sekunde 8, baada ya zaidi ya kilomita 3,200. Mpaka leo hakuna tofauti ndogo kuliko hiyo kwenye Tour. Kwenye mbio za Hispania ipo ndogo zaidi: mwaka 1984 Éric Caritoux alishinda kwa sekunde 6.

KAZI YA TANO: mkifungana

Kwa lile kosa langu la sekunde 12, Kitangari alisomeka 81:44:49, sawasawa na Mahuta, na Msimbati akaonekana bingwa. Ndipo tukalazimika kuitafuta sheria ya sare. Kwanza zinarudishwa sehemu za mia za sekunde zilizopimwa kwenye mbio za saa za mtu mmoja mmoja. Dadu hazina sehemu za mia, tukaenda ngazi ya pili: jumlisha nafasi za kila hatua, mwenye jumla ndogo anakaa juu. Kitangari alikuwa na 118, Mahuta 131. Ikishindikana hata hapo, anaangaliwa aliyetangulia kwenye hatua ya mwisho. Ni katika kuzijumlisha hizo nafasi nilipofika hatua ya 14, nikaiona ile sita imekaa kwenye safu isiyo yake.

MASWALI YA WANACHAMA

Masasi: Mkuu, naomba unieleweshe taratibu. Mahuta kashinda hatua nne. Kitangari hajashinda hata moja. Bingwa Kitangari. Hii ni hesabu au ni utani wa Wamakonde?

Jibu: Ni hesabu, kaka, utani tutauweka msibani. LeMond alichukua Tour ya 1990 bila kushinda hatua hata moja, Chris Froome naye hivyohivyo mwaka 2017. Kinachotakiwa ni kutopoteza muda siku mbaya. Mahuta alianguka mara mbili kwenye tambarare, hizo ni sekunde 80, na yeye kakosa ubingwa kwa 12. Hata hivyo hoja yako ni ya zamani: kuanzia 1905 hadi 1912 Wafaransa wenyewe walipanga msimamo kwa pointi, wakarudi kwenye muda mwaka 1913. Na wapenda pointi wana jezi yao, ya kijani. Mwaka 2024 aliivaa hadi Biniam Girmay wa Eritrea, baada ya kushinda hatua tatu. Mahuta tumempa ya kijani. Mwenye Mahuta anasema ya njano, ile ya bingwa, ingempendeza zaidi.

Lindi mjini: Shikamoo mwalimu. Mpandaji wangu alianguka hatua ya 6 akiwa karibu kabisa na mstari, ukamkata sekunde 40. Nimesikia wa Ulaya hawakatwi.

Jibu: Marahaba dada. Umesikia kweli. Hatua ya tambarare, mtu akianguka au baiskeli ikiharibika ndani ya kilomita za mwisho, kwa kawaida 3, anapewa muda wa kundi alilokuwa nalo. Haihusu hatua inayoishia mlimani wala mbio za saa. Sisi hatukuwa na kipimo cha umbali kwenye dadu. Msimu ujao aliyetupa moja na moja atatupa dadu ya tatu: ikitoka 1 hadi 3, kaanguka karibu na mstari, hakatwi. Za hatua ya 6 samehe, daftari limefungwa.

Ruangwa: Ubingwa wa timu nimechukua watatu wangu wa juu kwenye msimamo wa mwisho, nikajumlisha. Nimekuwa wa kwanza, wewe umeniandika wa pili. Vipi?

Jibu: Kwa sababu timu inahesabiwa kila siku. Leo unachukua watatu wako bora wa leo, kesho watatu bora wa kesho, na si lazima wawe walewale. Mpandaji wako wa nne, yule anayekaa mkiani, aliwahi kuingia wa tano Newala. Siku ile muda wake uliingia kwa timu. Wewe umemtupa.

Nachingwea: Sisi hatuna kompyuta, simu ni ya tochi. Saa 81 tutajumlishaje kwa kalamu?

Jibu: Hamhitaji saa 81. Bebeni tofauti tu. Kabla ya hatua ya 21: Msimbati 0, Kitangari 19, Mahuta 47. Ongeza walichopoteza siku hiyo: Msimbati 44, Kitangari 16, Mahuta 0. Unapata 44, 35, 47. Aliye mdogo ni 35, huyo kinara. Toa 35 kwa wote: Kitangari 0, Msimbati 9, Mahuta 12. Siku yenye bonasi itoe kabla ya kulinganisha. Saa nzima ya kinara mtaiandika mara moja, siku ya kufunga.

Kilwa Masoko: Mnaanza lini tena? Na soda za yule bingwa wa kwanza zinarudishwa na nani?

Jibu: Tunaanza korosho zikishauzwa, kabla ya hapo watu hawakai barazani. Soda zilikuwa nne. Mwenye Msimbati anasema alizinywa kwa nia njema, mwenye Kitangari anasema nia njema haina kizibo. Nimenunua mbili mimi. Zilizobaki wanajadiliana.