Neno refu la Kiingereza lianzie mkiani

Ukikutana na neno kama "unpredictability", usikimbilie kamusi. Anzia mwisho: "-ity" hutaja hali, "-abil-" ni ile "-able" ya kuwezekana, na "un-" ya mbele inakanusha. Kilichobaki ni "predict", kutabiri. Basi ni hali ya kutotabirika. Maneno mengi marefu, hasa ya sheria na tiba, yameungwa kwa vipande vilevile vinavyojirudia, hivyo ukijua vichache unafungua mengi. Ila "in-" ni tapeli: mara nyingi hukanusha kama "un-", lakini "inflammable" ni kinachoshika moto kirahisi, na "invaluable" ni chenye thamani kubwa mno. Hapo fungua kamusi tu. Misemo nayo haichambuliki hivi. "Under the weather", yaani kujisikia vibaya kidogo, ikariri nzima.