Jinsi ya kupima HSP70 kwenye seli za kinga za mgonjwa mahututi bila kupima msongo uliouleta wewe

Habari zenu wadau wa maabara, hasa wadogo zangu mnaofanya masters hapa Moshi na wale wa Arusha ambao mmekuwa mkiniuliza kuhusu HSP70, moja ya protini ambazo seli inazitengeneza ikipata msongo. Nimeona niweke hatua zote sehemu moja, maana wengi wanakimbilia mashine na antibodi wakati kazi inaharibika huku mwanzoni kabisa, kwenye tyubu ya damu.

Tuelewane kwanza tunapima nini. Mwaka 1962 Ferruccio Ritossa, Mwitaliano, aliona kromosomu za nzi wa matunda zinavimba sehemu fulani fulani baada ya joto kupanda, na mwaka 1974 ndo protini zenyewe zikaonekana, hizi tunazoita protini za mshtuko wa joto. Ila sio joto peke yake linaloziamsha: kukosa oksijeni, maambukizi, sumu, hata seli kubaridiwa halafu ikapashwa ghafla. Protini za seli zikianza kuharibika umbo, HSF1, protini inayofanya kazi kama swichi ya jini, inaachiwa, inajiunga tatu tatu, inashika DNA na kuwasha jini za HSP. HSP70 ikishazalishwa inazishika zile zilizoharibika na kuzikunja upya zifanye kazi.

Kwa mgonjwa mahututi hii protini ina sura mbili na hapa ndo naomba muelewe vizuri. Ikiwa ndani ya seli inalinda, inazuia seli isijiue na inatuliza NF-kB, swichi nyingine ya jini, ambayo ndo inawasha saitokini (protini za ujumbe kati ya seli za kinga) za inflamesheni kama TNF. Ikitoka nje, labda seli imekufa na kupasuka au imeitoa yenyewe, seli za kinga zinaipokea kama taarifa ya hatari, na imeonekana kupanda kwenye damu ya watoto wenye septiki shoku (maambukizi makali yaliyoshusha presha). Kwahiyo mtu akiniambia "HSP70 ya mgonjwa iko juu" namuuliza juu wapi, ndani au nje?

Hatua ya 1: ruhusa. Kibali cha maadili kiwe mkononi kabla ya sindano. Mgonjwa wa ICU mara nyingi hawezi kuongea, kwahiyo unaongea na ndugu. Yule mama aliyekaa kwenye benchi nje ya wodi toka alfajiri, mpe shikamoo, kaa nae, mwambie kwa Kiswahili cha kawaida kwamba hii damu haitabadilisha matibabu ya mwanae leo na akikataa mtoto atahudumiwa vilevile. Usimharakishe hata kama sentrifyuji inakusubiri.

Hatua ya 2: kuchukua damu. Chagua heparini au EDTA (zote zinazuia damu isigande), ukishachagua usibadilishe mpaka mwisho wa utafiti. Usivute kwa nguvu na sindano nyembamba, na usitikise tyubu, igeuze taratibu mara 8 mpaka 10. Seli nyekundu nazo zina HSP70 ndani, zikipasuka inamwagika kwenye plazima na wewe utaandika mgonjwa ana HSP70 nyingi kumbe ni mkono wako. Plazima ikitoka na wekundu usiitumie kupima ya nje. Andika joto la mwili wa mgonjwa muda ule ule unaochukua, pamoja na dawa anazopata, kwasababu mtu mwenye homa ya 39 seli zake zinaweza kuwa zimeshaanza kuitikia kabla hujamgusa.

Usafirishaji ndo unaua sampuli nyingi za huku kwetu. Februari Moshi saa saba mchana, boksi likikaa kwenye siti ya bodaboda juani dakika 20 tu, umeshazipa seli mshtuko wa joto bila kuingia maabara. Na wengine wakisikia hivyo wanajaza barafu, nayo mbaya, seli nyeupe za kazi hii hazitaki barafu. Tumia kulibox lenye vifurushi vya kupoozea vilivyopoa ila havijaganda, vifunge na kitambaa visiguse tyubu, weka na kipimajoto ndani, lenga nyuzi 18 mpaka 25. Mimi nataka damu ianze kushughulikiwa ndani ya masaa manne.

Hatua ya 3: kutenganisha seli. Toa kwanza mililita moja ya damu kwa ajili ya plazima, izungushe, hamisha plazima, izungushe tena kuondoa chembe sahani, gawanya kwenye tyubu ndogo na uhifadhi nyuzi -80. Damu iliyobaki changanya nusu kwa nusu na PBS (maji ya chumvi yaliyosawazishwa), ilaze taratibu juu ya Ficoll (kimiminika kizito cha kutenganisha seli) yenye densiti 1.077, halafu 400 g dakika 30 breki ikiwa imezimwa. Nimesema g (nguvu ya mvutano), sio mizunguko kwa dakika, kila sentrifyuji ina rota yake. Na hiyo Ficoll itoe friji mapema, ikiwa baridi densiti inabadilika, hasa Arusha mwezi wa saba ambapo chumba chenyewe asubuhi ni kama friji.

Kwa mtu mzima mwenye afya utaona ule utepe mweupe wa seli za kinga umekaa vizuri katikati na utapata kama seli milioni moja kwa kila mililita ya damu. Kwa mgonjwa wa sepsis (maambukizi yanayofanya mwili udhuru viungo vyake) usitegemee hivyo. Limfosaiti zake (aina moja ya seli nyeupe) mara nyingi zimepungua, na kuna nyutrofili (aina nyingine) ambazo zimekuwa nyepesi kuliko kawaida zinabaki pale pale kwenye utepe badala ya kushuka chini. Hilo sio kosa lako, ndo ugonjwa wenyewe unaonekana, ila ujue zipo maana usipozitenga baadae na antibodi utazihesabu kama kitu kingine. Osha mara mbili na PBS, 300 g dakika 10, hesabu kwa tripani bluu (rangi inayoingia seli zilizokufa tu). Zilizo hai zikiwa chini ya asilimia 90 mimi huwa siendelei.

Hatua ya 4: joto. Gawa seli kwenye tyubu tatu za polipropilini, sio polistairini, kwasababu monosaiti (nazo ni seli nyeupe) zinapenda kung'ang'ania plastiki na utazipoteza. Tyubu ya kwanza ifiksi (isimamishe ilivyo kwa kemikali) hapo hapo, hiyo inakwambia mgonjwa amekuja na nini. Ya pili inakaa nyuzi 37 muda wote. Ya tatu inaingia kwenye maji ya nyuzi 42 saa moja, kisha inarudi 37 ipumzike masaa manne ndo protini itengenezwe. Namba ya kwenye kioo cha mashine usiiamini, weka kipimajoto ndani ya tyubu ya nne yenye midia tupu (kimiminika cha kulishia seli, bila seli) na anza kuhesabu muda pale midia inapofika 42, sio pale unapotumbukiza. Maji yawe juu ya usawa wa midia. Ukiteleza mpaka 45 seli zinaanza kufa na unachopima sio mwitikio tena.

Hatua ya 5: kupaka antibodi. Nje ya seli paka antibodi za alama CD14 kwa monosaiti na CD3 kwa limfosaiti T, fiksi, toboa utando kwa saponini, ndo uingize antibodi ya HSP70. Hakikisha inashika ile inayoamshwa tu, HSP72, maana kuna ndugu yake HSC70 ambayo ipo kwenye seli siku zote. Kloni C92F3A-5 inafaa kwa hilo. Weka na aisotaipu (antibodi ya kulinganishia isiyoshika HSP70). Ukiamua kwenda na westani bloti (kutenganisha protini kwenye jeli kisha kuitafuta kwa antibodi) na unachemsha sampuli, walioko Arusha kumbukeni kwa mwinuko ule maji yanachemka kama nyuzi 95, kwahiyo protokali ikisema 100 usihangaike, 95 inatosha.

Hatua ya 6 ni kwa wanaotaka kumwagia seli HSP70 kutoka nje waone saitokini. Protini nyingi za kununua zinatengenezwa kwenye bakteria na zinaweza kubeba endotoksini (sumu ya ukuta wa bakteria), na endotoksini peke yake inaamsha TLR4, kipokezi cha seli za kinga. Kuna matokeo ya zamani yalikuja kutiliwa shaka kwasababu hiyo hiyo. Weka kundi lenye polimiksini B (inaifunga endotoksini) na kundi lenye HSP70 iliyochemshwa: ukichemsha, protini inaharibika ila endotoksini inavumilia, kwahiyo TNF ikibaki juu pale pale ujue sio HSP.

Hatua ya 7: kusoma. Gawanya mwanga wa antibodi ya HSP70, unaosomwa na mashine ya flow cytometer, wa tyubu ya 42 kwa ule wa 37 wa mtu huyo huyo, monosaiti peke yake na limfosaiti peke yake, na kila siku pima na mtu mmoja mwenye afya pembeni. Mgonjwa ambaye uwiano wake uko chini seli zake zimeshindwa kuitikia, lakini tafadhali usikimbilie kushauri apewe kitu cha kuipandisha. Glutamini (aina ya amino asidi) ilipendwa sana kwasababu inaongeza HSP70, ila jaribio la REDOXS la mwaka 2013, wagonjwa 1,223 wa ICU waliokuwa na viungo zaidi ya kimoja vilivyofeli, lilionyesha waliopewa walikufa zaidi. Kwenye ripoti yako andika tyubu ya aina gani, masaa mangapi toka kuchukuliwa, joto la boksi na joto la mgonjwa, ili anayesoma aweze kukuamini au kukubishia.