Jinsi ya kusoma sifa za rubani katika ripoti ya ajali ya ndege ya kivita ya zamani

Ndege ya kivita ya zamani inapoanguka na kuua, magazeti hukimbilia namba moja: jumla ya saa ambazo rubani amewahi kuruka. Rubani wa jeti ya kivita aina ya Hawker Hunter iliyoanguka Shoreham, kusini mwa Uingereza, tarehe 22 Agosti 2015, alikuwa na zaidi ya saa 14,000, alikuwa amerusha ndege za kivita aina ya Harrier katika Jeshi la Anga la Uingereza, na wakati wa ajali alikuwa nahodha wa ndege za abiria. Msomaji akishaiona namba hiyo huamini kwamba suala la sifa limekwisha, akaanza kuwaza injini. Watu 11 waliokuwa kwenye barabara ya A27 au kando yake walikufa siku hiyo. Rubani alijeruhiwa vibaya lakini akapona. Maelezo haya ni ya mwanafunzi wa urubani, mwandishi wa habari, na mpenzi wa ndege anayefikiria kulipia safari ndani ya moja ya ndege hizi, ili aweze kufungua ripoti rasmi na kuona mwenyewe sifa za rubani zilikuwa zipi hasa.

Anza na kifungu cha 1.5. Ripoti zinazoandikwa kwa kufuata Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, huwa na mpangilio mmoja, iwe zimetoka Nairobi, Bern au Uingereza: 1.1 ni historia ya mruko, 1.5 ni taarifa za marubani na wahudumu wengine wa ndege, 1.6 ni taarifa za ndege yenyewe, na 1.17 ni taarifa za taasisi na uongozi wake. Ripoti za Marekani mara nyingi hupangwa kwa namna nyingine, lakini taarifa ni zilezile. Chukua karatasi, uchore mistari minne: saa zote, saa katika aina hiyo ya ndege, saa katika siku 90 zilizopita, na saa katika aina hiyo ndani ya siku hizo 90. Katika kisa cha Shoreham, mstari wa pili unashuka kutoka zaidi ya 14,000 hadi takriban 40. Hapo ndipo kazi ya kusoma inapoanza.

Mstari huo wa pili una uzito kwa ndege za aina hii kuliko kwa ndege za kawaida. Rubani wa ndege ya abiria hurudi kwenye mashine ya mazoezi kila baada ya miezi michache, akazimiwa injini na kuwashiwa moto wa bandia mpaka mikono yake ijue la kufanya. Hunter, ambayo wasomaji wa Kenya wa umri fulani wataikumbuka kwa kuwa jeshi lao la anga liliitumia miaka ya 1970, ilibuniwa kwa ajili ya vijana wa jeshi walioirusha karibu kila siku, chini ya macho ya wakufunzi, katika kikosi chenye kumbukumbu ya makosa ya wenzao. Raia anayeirusha leo huingia ndani yake mara chache kwa msimu, na katikati ya msimu huohuo hurusha ndege nyingine za zamani ambazo kila moja ina kasi zake na vimo vyake.

Kisha tafuta jambo lenyewe lililokuwa likifanywa wakati wa ajali, uulize kama rubani aliwahi kufundishwa na kupimwa kwa jambo hilo katika aina hiyo ya ndege. Shoreham, ndege ilikuwa ikifanya kitanzi: inapanda wima, inalala kichwa chini kileleni, kisha inashuka na kunyanyuka tena. AAIB, idara ya Uingereza inayochunguza ajali za anga, iliweza kupima mruko huo kwa makini kwa sababu kamera zilikuwamo ndani ya chumba cha rubani. Ndege iliingia kwenye kitanzi kwa takriban noti 310 (maili za baharini 310 kwa saa), wakati rubani alikusudia zisipungue 350. Kileleni ilikuwa na noti 105 badala ya 150, na kimo cha futi 2,700 hivi badala ya futi 3,500 zilizohitajika. Kwa kimo hicho hapakuwa na nafasi ya kutosha chini yake kumalizia duara. Majaribio yaliyofanyika baadaye yalionyesha kwamba hata muda mfupi baada ya kupita kilele ingewezekana kuibiringisha ndege, kuinyoosha na kuondoka salama. Ripoti ya mwaka 2017 inaeleza kwamba rubani hakuwa amepata mafunzo rasmi ya kujitoa katika kitanzi hicho akiwa kwenye Hunter, wala uwezo wake wa kufanya hivyo haukuwa umepimwa, na kwamba huenda alikumbuka kimo kinachofaa ndege ya aina nyingine. Leseni alikuwa nayo, na kibali cha kuruka katika maonyesho alikuwa nacho.

Kwa hiyo zitenganishe karatasi. Leseni humruhusu mtu kuwa rubani. Cheti cha afya kina tarehe ya mwisho. Idhini ya aina ya ndege husema ni mashine ipi anayoruhusiwa. Marekani, kwa mfano, huidai kwa kila jeti na kwa ndege yoyote yenye uzito wa juu wa kupaa unaozidi takriban kilo 5,700. Kibali cha maonyesho ni kitu kingine kabisa, nacho ndicho cha kusomwa kwa makini zaidi: kilitolewa baada ya kupimwa katika ndege gani, kwa mizunguko gani, kwa kimo gani cha chini, na nani alikuwa mpimaji.

Usije ukadhani, hata hivyo, kwamba saa nyingi katika aina husika zinatosha. Tarehe 2 Oktoba 2019 ndege ya mabomu aina ya B-17G iliyoitwa Nine-O-Nine iliondoka uwanja wa Bradley, Connecticut, ikiwa na watu 13, kumi kati yao abiria waliolipia kuionja historia. Rubani alikuwa na takriban saa 7,300 katika B-17. Ni vigumu kumpata mwingine wa namna hiyo. Muda mfupi baada ya kupaa injini ya nne ilipungukiwa nguvu, akaizima, akageuka kurudi. Kisha akashusha magurudumu mapema. Magurudumu ya B-17 yakining'inia hukamata hewa na kuivuta ndege nyuma, na injini ya tatu nayo haikuwa ikitoa nguvu zake zote. NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali hizo, ilihitimisha kwamba ndege ingeweza kufika kwenye njia ya kutua kama magurudumu yangebaki yamekunjwa na kasi ikaongezwa mpaka ionekane wazi kwamba inafika. Iligonga taa za kuongozea kutua, ikatua nje ya njia na kuungua. Watu 7 walikufa.

Hapa kifungu cha 1.5 kisomwe pamoja na kile cha matengenezo, kwa sababu rubani huyohuyo ndiye aliyekuwa mkuu wa matengenezo ya ndege hiyo. Injini hazikuwa zimetunzwa ipasavyo ndege ilipokuwa ziarani, na anayeamua kama ndege inafaa kuruka alikuwa ndiye atakayeirusha na ndiye aliyepaswa kuitengeneza. Unapokuta mtu mmoja ana kazi mbili, pigia mstari. Mamlaka ya anga ya Marekani iliiondolea taasisi iliyoiendesha ndege hiyo ruhusa ya kubeba abiria mwezi Machi 2020, na miongoni mwa sababu ilizotaja ni kwamba msimamizi wa ndege, aliyewatazama abiria ndani, hakuwa amepewa mafunzo ya awali ya kazi hiyo. Sifa za watu wasioshika usukani nazo zimo humo ripotini.

Ndege ya zamani ya uchukuzi aina ya Junkers Ju 52 iliyoanguka karibu na Piz Segnas, Uswisi, tarehe 4 Agosti 2018, ikaua wote 20, inafundisha swali lingine. Ndege hiyo ya mwaka 1939 iliwahi kulitumikia jeshi la anga la Uswisi, na marubani wake wawili waliwahi kuwa marubani wa jeshi hilohilo. Wachunguzi waliwakuta na sifa zote, na wakakuta pia mazoea ya kuruka chini mno milimani, yakiwa hayajakemewa na kampuni. Siku hiyo waliingia katika bonde jembamba bila kimo wala njia ya kutokea. Kwa kisa cha namna hii nenda moja kwa moja 1.17, utafute miruko ya nyuma ilikuwaje.

Dallas, tarehe 12 Novemba 2022, swali lilihamia ardhini. Ndege ndogo ya kivita aina ya P-63 iliigonga B-17 nyingine angani wakati wa maonyesho na watu 6 wakafa, wote walio ndani ya ndege hizo mbili. NTSB ililaumu kukosekana kwa mpango wa kuzitenganisha ndege uliojadiliwa kabla ya kupaa. Kila kitu kilitegemea maelekezo ya redio ya msimamizi wa maonyesho na macho ya marubani.

Jambo moja la haki: ripoti hizi huandikwa ili kuzuia ajali nyingine, si kumtia mtu hatiani. Mahakama ya London ilimwona rubani wa Shoreham hana hatia mwaka 2019, na anayemwandika anapaswa kulisema hilo.

Ukitaka kupanda, uliza kabla ya kulipa: Rubani wa leo ameirusha aina hii saa ngapi, na mara ya mwisho lini? Nani alimpima kwa injini kuzimika baada ya kupaa, na katika ndege gani? Nani aliyesaini matengenezo, na je, ndiye atakayeirusha? Taasisi iliyojipanga hujibu kwa tarehe na majina. Ukijibiwa kwamba rubani ana saa elfu kadhaa, uliza tena swali la kwanza.